Kilomita chache kwenye dashibodi si ushahidi

Wanunuzi wengi wa gari lililotumika huanza kwa kuchungulia dashibodi. Wakiona kilomita 68,000 moyo unatulia, kwa imani kwamba mita za kidijitali hazichezewi. Ukweli ni kinyume. Mita ya zamani ya namba za kuzunguka kwa kawaida ililazimu kufunguliwa, na mara nyingi namba zilibaki zimepinda. Ya kidijitali, kwa magari mengi, hurudishwa nyuma kwa kifaa kinachochomekwa chini ya usukani, bila hata kulegeza skrubu.

Kwa gari lililotoka Japani, dai cheti cha kulisafirisha nje. Humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima, ambao kwa magari madogo ya binafsi hufanyika miaka 3 baada ya usajili wa kwanza, kisha kila miaka 2. Linganisha kwanza namba ya chesisi iliyo kwenye cheti na ile iliyogongwa kwenye bodi. Cheti kikisema 131,000 na dashibodi 68,000, ondoka.

Muuzaji akisema, "Cheti kilipotea," basi gari lijieleze lenyewe: raba ya pedali ya breki iliyolika upande mmoja, usukani unaong'aa kwa kushikwa, ukingo wa kiti cha dereva uliochakaa upande wa mlango. Vuta mkanda wa dereva hadi mwisho. Ukiota manyoya pembeni na kurudi kwa uvivu, umevutwa miaka mingi. Na raba mpya kabisa za pedali kwenye gari la "kilomita chache"? Muulize zile za awali zimekwenda wapi.