Vibanda vya wikiendi Kigamboni: piga hesabu ya umeme ya saa moja jioni

Mara nyingi tu anakuja mtu hapa kitengoni kwetu, ana kiwanja chake kule Gezaulole au Kimbiji, ramani ya vibanda kumi na mbili kaikunja kwapani, swali lake moja tu, "injinia, niombe umeme wa kiasi gani?" Ukimuuliza ndani ya kibanda kutakuwa na nini anacheka, anakwambia aah vitu vya kawaida. Sasa hivyo vya kawaida ndo vyenyewe.

Chukua kibanda kimoja. AC ya BTU 12,000 inakula kama kilowati 1.2, ile shawa ya kupasha maji papo hapo 4.5, birika 2, halafu kafriji, feni, tivii na taa weka 0.4 vyote kwa pamoja. Hapo una kama kilowati 8.1. Zidisha mara kumi na mbili unapata 97, ongeza jiko la mgahawa, pampu ya kisima na taa za nje kama 14, umegonga 111, na wapo mafundi wanaoishia hapohapo wanakwambia omba transfoma ya kVA 200 (kVA ndo kipimo cha ukubwa wa transfoma), maana hela si yao.

Umeme haupangwi hivyo. Haupangwi kwa wastani wa mwezi pia, maana vibanda hivi Jumanne vinalala vitupu. Unapangwa kwa ile saa mbaya kuliko zote, na kwa vibanda vya beach saa hiyo inajulikana, ni Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku, watu wametoka baharini mchanga mpaka masikioni, kila mtu anataka kuoga, AC zote zimewashwa kwa mpigo, mgahawani wanakaanga samaki. Tuseme basi AC zote 12 ziko hewani, shawa 6 kati ya 12, birika 3, na vingine vyote pamoja na zile 14 za mgahawa, pampu na taa za nje: inakuja kama kilowati 66. Gawa kwa pawafakta, ile namba ya kugeuza kilowati kuwa kVA, ya 0.9 ni kVA 74 hivi, na ukiacha nafasi ya robo kwa ajili ya vibanda utakavyoongeza kesho, transfoma ya kVA 100 inakutosha.

Lakini angalia tena hiyo 66. Shawa peke yake ni 27, yaani kitu ambacho mgeni anakitumia dakika kumi kinabeba sehemu kubwa ya mzigo wako! Na hii ni Dar, jua la bure lipo juu ya paa. Ukiweka hita za sola, au matenki ya umeme ya kilowati 1.5 yenye taima yanayopasha saa sita mchana, kilele cha jioni kinashuka mpaka kilowati 39. Mimi binafsi bajeti ya vibanda siigusi mpaka suala la maji ya moto liishe kwanza. Na ukikua ukaingia kundi la bei la T2 la TANESCO, lile la wanaozidi yuniti 7,500 kwa mwezi, unalipia yuniti na kilele chako cha kVA vilevile, kwa hiyo hizo shawa za muda mfupi utazilipia mwezi mzima.

Halafu kuna waya. Niliwahi kuitwa sehemu moja, kibanda cha mwisho kabisa huko kwenye mikandaa, mgeni akifungua shawa taa inafifia inakuwa kama kibatari na AC inanguruma tu haiwaki, mwenyewe anasema umeme wa mtaa huu ni mdogo. Tukapima kwenye meni suichi, volti 229, safi. Tukaenda mpaka kibandani, 213. Tatizo lilikuwa waya wa alumini wa milimita za mraba 16 uliovutwa mita 120, ampea 30 zikipita humo unapoteza volti 14 ukiwa bado baridi, ukipata moto unapoteza zaidi. Ungekuwa wa milimita za mraba 50 usingepoteza hata 5.

Hapohapo tukakuta vibanda nane viko kwenye fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme unaoingia, vinne vimegawana mbili zilizobaki. Ukiomba fezi tatu mwambie fundi avigawe vinne vinne, na muunganiko wa nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, aukaze vizuri aukague kila mwaka, hewa ya chumvi inakula viungo, na nyutro ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu kuna kibanda kitapata volti zinazokaribia 400, friji na tivii kwishnei. Erthi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, nayo ipimwe, ule mchanga mkavu ni mbishi, rodi moja ya kuzika ardhini mara nyingi haitoshi. Bafuni breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30, siyo hiari.

Yule bwana alibadilisha waya na kusawazisha fezi, kibanda cha mwisho sasa kinawaka vizuri tu. AC mbili zilikuwa zimeshaungua.