Ultrasaundi imeshaonyesha, kinyama cha nini tena?

Swali hilo kuhusu kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochukuliwa kupimwa maabara, hunifikia kila wiki. Mara linatoka kwa ndugu wa mgonjwa aliyesimama kwenye dirisha la maabara na bahasha ya picha mkononi, mara kwa daktari mwenzangu aliyeandika rufaa ya mstari mmoja: "Saratani ya ini, tafadhali thibitisha." Mimi ni mtaalamu wa patholojia, daktari anayetambua magonjwa kwa kutazama vinyama chini ya hadubini, na utafiti wangu uko zaidi kwenye uvimbe wa nyuroendokrini, yaani ule unaotokana na seli zinazotengeneza homoni kwenye utumbo, kongosho, mapafu na kwingineko. Nimechoka kulijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja, basi naliandika.

"Uvimbe ukionekana kwenye ini, hiyo ni saratani ya ini"

Hapana. Ultrasaundi inakuambia kuna kitu, kiko wapi na kina ukubwa gani. Haikuambii kimetokana na seli zipi. Karibu damu yote inayotoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye kongosho hupitia kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo, kwa hiyo seli za saratani zikichomoka huko, ini ndilo kituo cha kwanza. Uvimbe ulio kwenye ini unaweza kuwa umeanzia papo hapo, au kwenye utumbo mpana, au kwenye titi. Unaweza pia kuwa wa nyuroendokrini uliotoka kwenye utumbo mwembamba, ambako chanzo chenyewe mara nyingi hakizidi sentimita mbili na hakuna aliyekiona. Kwenye skrini vyote vinaweza kufanana.

Kwetu hepatitisi B, inayoweza kuleta saratani ya ini, ni nyingi, na saratani hiyo tunaiona sana, ndiyo maana mawazo ya kila mtu hukimbilia huko. Matokeo yake mgonjwa anaambiwa ini limeisha, arudishwe nyumbani, na familia inaanza kuwapigia simu ndugu wa mikoani. Hili ndilo linaloniuma. Uvimbe wa nyuroendokrini wa daraja la kwanza, yaani ule unaokua polepole, hata ukiwa umeshafika kwenye ini, si hukumu ya miezi. Wengi huishi nao miaka mingi wakiendelea na shughuli zao, wakichomwa sindano ya oktreotidi au lanreotidi, dawa za kudhibiti homoni na ukuaji wa uvimbe, kila baada ya wiki nne, na baadhi yao hufanyiwa upasuaji. Mtu huyo akirudishwa nyumbani bila kuchukuliwa kinyama, anazikwa na jina la ugonjwa ambao hakuwa nao.

Basi kinyama kinafanya nini? Sindano hutoa kijiuzi cheupe, urefu wake sentimita moja au mbili. Kinawekwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, kinapitishwa kwenye alkoholi, kinazamishwa kwenye nta ya parafini, kisha fundi sanifu anakikata kwa unene wa mikroni tatu au nne na kukitia rangi. Chini ya hadubini, seli za nyuroendokrini zimejipanga kwa mafungu na mikanda, viini vyake ni mviringo, na ndani ya viini kuna punjepunje ambazo wanapatholojia huziita chumvi na pilipili. Nikiziona, naagiza rangi maalumu za kuzitambua, sinaptofizini na kromogranini. Seli zikitoka na rangi ya kahawia, ukoo umejulikana.

Ukali wake bado haujajulikana. Hapo inaingia Ki-67, ambayo hutia rangi viini vya seli zilizo kwenye harakati za kujigawa. Tunatafuta eneo lenye viini vingi vilivyoshika rangi, tunahesabu seli zisizopungua 500, tunatoa asilimia. Chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 ni la pili, zaidi ya 20 ni la tatu. Mimi huchapisha picha ya eneo hilo kwenye karatasi na kupiga alama kila kiini kwa kalamu, na wanafunzi wangu nawataka wafanye hivyo hivyo. Kukadiria kwa macho sikukubali. Kati ya asilimia 2 na 4 jicho halioni tofauti, lakini daraja limeshabadilika.

Halafu kuna karsinoma ya nyuroendokrini. Jina linafanana, ugonjwa ni mwingine kabisa: unakwenda kasi, na tiba yake ni kemotherapia ya sisplatini au kaboplatini pamoja na etoposidi. Mpe dawa hizo mgonjwa wa daraja la kwanza, utamtesa bure. Mpe mwenye karsinoma sindano ya kila mwezi peke yake, utampoteza. Nionyeshe ultrasaundi inayoweza kuwatenganisha hawa wawili.

Kongosho nayo ni hivyo hivyo. Steve Jobs wa kampuni ya Apple alipofariki Oktoba 2011, na mwimbaji Aretha Franklin Agosti 2018, habari zilizoenea zilisema "saratani ya kongosho", basi. Wote wawili walikuwa na uvimbe wa nyuroendokrini wa kongosho. Jobs aligundulika 2003, akaishi miaka minane. Kwa adenokarsinoma, ile saratani ya kongosho iliyozoeleka, wengi hawamalizi hata mwaka. Kiungo ni kimoja, lakini dawa na matarajio haviko karibu hata kidogo.

Kwa haki ya wenzangu wa radiolojia, niseme ipo hali ambapo picha inatosha: mgonjwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, aliyepigwa CT kwa kuchomwa dawa mshipani, uvimbe ukaonekana ukiinyonya dawa haraka na kuiachia haraka. Hapo saratani ya ini inaweza kutambuliwa bila sindano. Ultrasaundi ya asubuhi moja kwenye zahanati si kipimo hicho.

"Ukiichokoza kwa sindano, inasambaa"

Wanaosema hivi wamemwona mtu aliyechukuliwa kinyama Machi akafariki Juni. Huyo alikuwa mgonjwa sana kabla ya Machi. Seli kufuata njia ya sindano hutokea, ila ni nadra, na hatari ya kutibiwa kwa kubahatisha ni kubwa kuliko hiyo.

Tahadhari za kweli zipo, na madaktari wanazijua. Uvimbe wa korodani hatuuchomi. Korodani hutolewa nzima kupitia kinena. Uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo hupimwa kwanza metanefrini kwenye damu au mkojo, kwa sababu ukiwa feokromositoma, uvimbe unaomwaga homoni za kupandisha shinikizo, sindano inaweza kupandisha shinikizo la damu kwa kiwango cha kuua. Na mwenye dalili za homoni za karsinoidi, jina la zamani la uvimbe wa nyuroendokrini, huandaliwa kwa oktreotidi kabla ya upasuaji.

"Karsinoidi si saratani"

Siegfried Oberndorfer, mwanapatholojia wa Munich, ndiye aliyezipa uvimbe hizi jina hilo mwaka 1907, akiamini hazina madhara. Mwaka 1929 yeye mwenyewe aliandika kwamba zinaweza kuwa za hatari na kusambaa. Karibu karne nzima imepita, na bado napokea barua zinazosema "ni karsinoidi tu". Ondoeni hiyo "tu".

Zikifika kwenye ini, zinaweza kumwaga homoni ya serotonini kwenye damu: mgonjwa anaharisha kwa miezi, vali za upande wa kulia wa moyo zinakakamaa, na joto linapanda usoni ghafla. Vitabu vinasema uso unakuwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona, kwa hiyo lazima umuulize mgonjwa. Mama wa miaka hamsini mwenye joto la ghafla pamoja na kuharisha kusikoisha asiambiwe haraka kwamba ni kukoma hedhi.

"Kidole tumbo kimeshatolewa, maabara ya nini?"

Uvimbe mwingi wa nyuroendokrini wa kidole tumbo hugundulika kwa sababu moja: mtu alipasuliwa kwa maumivu ya kawaida na kidole chake kikaletwa kwetu. Ukiwa chini ya sentimita moja, kwa kawaida upasuaji ule ule umeshamponya. Ukizidi sentimita mbili, mara nyingi anahitaji kurudi kukatwa sehemu ya kulia ya utumbo mpana. Kidole kilichotupwa kwenye ndoo hakitamwambia yeyote ukubwa wake.

Na kikiletwa, kiletwe vizuri. Chupa yenye mdomo mpana, formalini ya asilimia 10, ujazo wake mara kumi ya kinyama. Si maji ya dripu, si spiriti, si glovu iliyofungwa fundo. Kinyama kilichooza njiani hakina jibu la kutoa, hata kikitazamwa na nani. Nawe ndugu ukikabidhiwa chupa uipeleke, hakikisha jina limeandikwa kwenye chupa yenyewe. Vifuniko hubadilishana.

"Kipimo cha damu kinatosha"

Kromogranini A ya kwenye damu hupanda kwa mtu anayetumia omeprazo, na nusu ya watu wenye vidonda vya tumbo ninaowajua wanaimeza kama pipi. Hupanda pia figo zikidhoofika. Kipimo hicho kinasaidia kufuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana ana nini. Kabla ya kupima, muulize daktari kama unaweza kuacha omeprazo kwa wiki mbili.

"Majibu yakichelewa, ujue ni mabaya"

Yakichelewa, mara nyingi tumeagiza rangi za ziada, na si kila maabara inazo zote. Uliza kwa adabu ni kipimo gani kinasubiriwa. Una haki ya kujibiwa. Majibu yakitoka, soma kama yametaja aina ya uvimbe, daraja na asilimia ya Ki-67. Kama kimoja hakipo, rudi ukakidai. Na ukihamishiwa hospitali nyingine, usiondoke na karatasi peke yake: omba bloku ya parafini, ile nta iliyoshika kinyama chako, na slaidi, vile vioo vya hadubini, uzifunge vizuri, uzikabidhi mkononi. Bloku hiyo ikitunzwa mahali pasipo na joto kali, inaweza kukatwa na kupimwa upya hata baada ya miaka kumi.