Abiria mwenye mwili mkubwa anayeugua: shirika la ndege linawajibika hadi wapi?

Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, mtu mwenye mwili mkubwa sana huulizwa swali moja, mara nyingi kwa macho tu: huyu atatosha kitini? Swali ni halali, ila ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kama moyo, mapafu na miguu yake vitahimili saa sita au kumi angani. Mashirika huyachanganya mambo haya mawili, abiria nao vilevile, na hapo ndipo safari zinapoharibika. Kanuni za usafiri wa anga huyatenga. Abiria anayeyatenga pia hujua aombe nini, kwa nani na lini.

Tuanze na kiti, maana ndicho kinacholeta fedheha. Kiti cha daraja la kawaida huwa na upana wa sentimita 43 hadi 46. Kanuni za usalama za Marekani zinataka kiti na mkanda wake vijaribiwe kwa sanamu ya mtu yenye uzito wa kilo 77. Naam, 77. Si kwamba mwenye kilo 140 haruhusiwi kuketi. Ni kwamba aliyechora kiti hakuwa na mwili huo akilini, na mwenye mwili huo hana kosa alilotenda. Kanuni hizohizo zinaruhusu ujia wa ndege ya abiria 20 au zaidi uwe na upana wa sentimita 38 tu kwa sehemu ya chini, karibu na sakafu. Kile kiti chembamba cha magurudumu cha kumwingizia ndani asiyeweza kutembea kimeundwa kipite hapohapo, kwa hiyo nacho kina kikomo cha upana na cha uzito. Wengi hukwama hapa, kabla hata ya kukifikia kiti chao. Ndiyo maana swali la kwanza kuliuliza shirika ni hili: kiti chenu cha kupitia ujiani kinabeba kilo ngapi, na gari la kuinulia abiria mlangoni kilo ngapi?

Kipimo cha kutosha kitini hakitofautiani sana kati ya shirika na shirika: mikono yote miwili ya kiti ishuke mpaka chini, na mkanda ufungike, ikibidi kwa kipande kimoja cha kuongeza urefu. Kipande hicho waombe wahudumu mara tu unapoingia. Usinunue chako mtandaoni, kwani mashirika hukataa vifaa wasivyovikagua wenyewe. Anayekitumia haketi kwenye safu ya mlango wa dharura, na mikanda yenye mfuko wa hewa ndani yake haiunganishwi nacho, kwa hiyo hata kiti kipana cha daraja la juu kinaweza kuwa na tatizo lake.

Akishindwa kipimo hicho, abiria atahitaji kiti cha pili. Nani alipe? Nchi hazikubaliani. Kanada ilikwenda mbali zaidi: Januari 2008 mamlaka yake ya usafiri iliamua kwamba mtu ambaye unene wake umefikia kuwa ulemavu asitozwe nauli mbili katika safari za ndani ya nchi. Mashirika yalikata rufaa, na Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikakataa kuyasikiliza. Marekani imekwenda upande mwingine. Kanuni zake zinazokataza ubaguzi dhidi ya walemavu zinasema wazi kwamba shirika halilazimiki kutoa zaidi ya kiti kimoja kwa tiketi moja. Umoja wa Ulaya una kanuni ya mwaka 2006 kuhusu abiria wenye ulemavu, nayo haitoi ahadi ya kiti cha ziada cha bure. Samoa Air, shirika dogo la ndege la visiwa vya Samoa, mwaka 2013 ilitoza nauli kwa kilo, abiria na mzigo wake pamoja, na dunia ikacheka. Binafsi naona angalau bei ile ilijulikana kabla ya kufika uwanjani.

Sasa ugonjwa, ambao haupimwi kwa mkono wa kiti. Hewa ndani ya ndege hubanwa, lakini haifikii hali ya usawa wa bahari. Inaweza kufanana na hewa ya mlima wa mita 2,400 hivi, ambako oksijeni inayoingia mapafuni imepungua kwa takriban robo. Mtu mzima wa afya hasikii kitu. Mwenye unene uliokithiri ambaye tayari hukosa pumzi usingizini, au moyo wake umechoka na maji yamejaa miguuni, huenda asiwe na akiba ya kupunguziwa robo hiyo. Ongeza kukaa bila kunyoosha miguu: utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na unene ni miongoni mwa mambo yanayoizidisha. Choo cha ndege ni kidogo, na wapo wanaojizuia kunywa maji ili wasiende. Wanaongeza tatizo juu ya tatizo.

Kwa hali hizi shirika lina haki ya kutaka cheti cha daktari, na mara nyingi lina fomu yake ya taarifa za afya inayosomwa na kitengo cha tiba cha shirika lenyewe. Marekani imeweka mipaka: kwa ugonjwa usioambukiza, cheti hudaiwa pale tu abiria anapohitaji machela au oksijeni, au kunapokuwa na shaka ya msingi kwamba hatamaliza safari salama bila huduma ya tiba isiyo ya kawaida. Ukubwa wa mwili peke yake si sababu ya kudai cheti. Karani wa kaunta akikuambia “wewe unaonekana mgonjwa”, una haki ya kuomba afisa wa malalamiko ya walemavu, ambaye kanuni hizo zinataka apatikane ana kwa ana au kwa simu muda wote shirika linapofanya kazi. Ukikataliwa kwa sababu ya ulemavu, wanatakiwa kukueleza kwa maandishi ndani ya siku 10. Ulaya ni siku 5 za kazi tangu ulipoomba maelezo.

Wahudumu wa ndege si wauguzi. Watakusaidia kufika kwenye mlango wa choo, lakini hawalazimiki kukuhudumia ndani yake, kukulisha wala kukubeba mikononi. Mwenye kuhitaji hayo asafiri na mtu wake. Anayetumia mashine ya kuzalisha oksijeni abebe betri za kutosha. Marekani shirika linaweza kudai zitoshe mara moja na nusu ya muda wa safari.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni safari ya kurudi. Mtu ametoka kwao akitembea, ametosha kwenye viti viwili, na hakuna aliyenung’unika. Huko alikokwenda figo zinazidiwa, mwili unajaa maji, wiki mbili kitandani zinamnyang’anya nguvu za miguu. Anarudi uwanjani na tiketi ileile, ila mwili si uleule: hawezi kusimama, mkanda haufiki, kiti cha ujiani hakimbebi. Tiketi yake ni mkataba, na mkataba haufutiki kwa kuugua. Hata hivyo rubani hawezi kuruka na abiria asiyefungwa mkanda. Kanuni ya Ulaya inakubali kukataliwa kwa sababu ya usalama, au pale ukubwa wa ndege au milango yake unapofanya kupanda kusiwezekane. Papo hapo inalitaka shirika lijitahidi kupendekeza njia nyingine inayokubalika, na abiria achague kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa kwa njia nyingine. Njia nyingine ipo: ndege kubwa zaidi, au machela inayofungwa juu ya viti vilivyokunjwa, ambayo huhitaji siku kadhaa za maandalizi na nauli nzito. Jibu baya kuliko yote ni “njoo uwanjani, tutaona”. Shirika lililoarifiwa mapema likajibu hivyo limekwepa wajibu wake, hata kama siku yenyewe wafanyakazi watatoka jasho wakijaribu.

Na madhara yakitokea? Safari nyingi za kimataifa huongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaolifanya shirika liwajibike kwa kifo au jeraha lililosababishwa na “ajali” ndani ya ndege, wakati wa kupanda au wa kushuka. Neno hilo limebeba kesi nyingi. Mwaka 2005 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilikataa kwamba damu kuganda kwa sababu tu ya kukaa muda mrefu ni ajali. Mwaka mmoja nyuma, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya Olympic Airways, shirika la ndege la Ugiriki, chini ya Mkataba wa Warsaw, uliotangulia ule wa Montreal. Mke wa abiria mwenye pumu aliomba mara tatu mumewe ahamishwe mbali na wavutaji sigara, mhudumu akasema ndege imejaa wakati viti 11 vilikuwa vitupu, na mume akafariki. Kukataa kule, mahakama ilisema, kulihesabika kuwa ajali. Kwa hiyo mwili kushindwa wenyewe ni jambo moja, na mfanyakazi kukataa ombi linalowezekana ni jingine. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kwamba abiria mlemavu alitendewa vibaya ndani ya ndege, lakini haikumpa fidia ya aibu na uchungu wa moyo, kwa kuwa Mkataba wa Montreal hauna nafasi ya madai hayo.

Basi ombi liandikwe. Taja uzito wako, upana wako ukiwa umeketi, kama unapanda ngazi, vifaa unavyotumia, na uombe jibu la maandishi kwa safari ya kwenda na ya kurudi. Taarifa ya saa 48 kabla ni kiwango cha chini katika kanuni za Ulaya. Kwa mwili mkubwa unaougua, hata taarifa ya wiki mbili kabla si nyingi. Hali ikibadilika ukiwa ugenini, waandikie tena siku hiyohiyo. Hifadhi majibu yao hata baada ya kufika nyumbani: madai chini ya Mkataba wa Montreal hufunguliwa ndani ya miaka 2 tangu ndege ilipofika, au ilipopaswa kufika.