Maji ya hita hayapati moto? Pima volti na ampea kabla ya kununua nyingine

Baridi ya Arusha inapokaza, kuanzia Juni hadi Agosti, lawama nyingi huangukia hita za kuogea. Maji yanatoka vuguvugu, mwenye nyumba anaamini koili imechoka, ananunua hita nyingine, nayo inatoa maji yaleyale. Vipimo viwili vingemwonyesha ubovu uliko.

Kanuni zenyewe ni fupi. Volti ukizigawa kwa ampea unapata ukinzani, yaani kiasi ambacho koili au waya unazuia umeme kupita, kwa omu. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata nguvu, kwa wati. Sharti ni kwamba vipimo vyote viwili vichukuliwe kwa wakati mmoja, maji yakitiririka na hita ikiwa kwenye moto wa juu kabisa. Volti zilizopimwa hita ikiwa imezimwa hazisaidii kitu, kwa sababu laini isiyobeba mzigo husoma vizuri hata ikiwa mbovu.

Kazi hii inafanyika kwenye nyaya zenye umeme, jirani na maji, kwa hiyo mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Wewe dai namba tu. Ampea zipimwe kwa mita ya taya, ile inayobana waya bila kuukata, na ibane waya mmoja peke yake. Ikibana wa moto na nyutro pamoja itasoma sifuri, kwani mikondo hiyo miwili inapita kinyume na kufutana. Multimita ndogo isitumike hapa: nyingi zinaishia ampea 10, na ukiigusisha kwenye soketi ikiwa upande wa ampea, umefanya shoti.

Chukua hita iliyoandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Gawa 5,500 kwa 220, unapata ampea 25. Gawa 220 kwa 25, ukinzani ni omu 8.8. Hiyo ndiyo namba ya kushika, kwa sababu waya wa koili ya hita haubadiliki sana ukinzani unapopata moto. Kinachobadilika ni volti.

Tuseme jioni fundi anasoma volti 190 kwenye hita, na ampea 21.6. Ukinzani unatoka omu 8.8 ileile, maana yake koili ni nzima. Lakini nguvu ni 190 mara 21.6, yaani wati 4,104, karibu robo tatu tu ya zile zilizoandikwa. Volti zimepungua kwa chini ya asilimia 14, nguvu imepungua kwa asilimia 25, kwa kuwa volti zinaposhuka, ampea nazo zinashuka. Kwa maji yanayotoka lita 3 kwa dakika, wati 5,500 zinapandisha joto kwa nyuzi 26 hivi; wati 4,104 zinapandisha nyuzi kama 20. Kwa maji yanayoingia yakiwa na nyuzi 16, tofauti ni kati ya kuoga na nyuzi 42 au 36. Dawa ya haraka ni kupunguza mtiririko: kinga ndoo ya lita 10, na ikijaa kwa dakika nne na nusu badala ya tatu na sekunde 20, joto linarudi karibu na lile la mwanzo.

Ingekuwaje kama vipimo vingekuwa volti 190 na ampea 12? Ukinzani ungekuwa karibu omu 16, na hapo ndipo koili inashukiwa: hita nyingi zina koili zaidi ya moja, na moja imekatika. Hapo kununua ni halali.

Sasa tafuta volti zilikopotelea. Hita ikiwa bado inawaka, pima kwenye sakiti breka. Tuseme pana 200. Volti 10 zimeishia njiani. Gawa kwa 21.6, njia hiyo ina ukinzani wa omu 0.46. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una takriban omu 7.4 kwa kilomita, hivyo umbali wa mita 20, kwenda na kurudi mita 40, unastahili omu 0.3. Inayobaki, omu 0.16, imejificha kwenye maungio. Inaonekana ndogo, lakini ampea 21.6 mara 21.6, mara omu hiyo 0.16, ni kama wati 75 za joto. Likikusanyika kwenye skrubu moja iliyolegea, linatosha kuyeyusha plastiki. Skrubu zikazwe umeme ukiwa umezimwa, na waya ubadilishwe uwe wa milimita 4 au 6, 2.5 ni mwembamba mno kwa hita ya aina hii. Ikiwa hata kwenye mita ya LUKU volti ni 200, hilo si la fundi wako, toa taarifa TANESCO.

Hesabu hii inafaa pasi, birika na jiko la koili. Balbu ya waya isipimwe ikiwa baridi: ya wati 100 kwa volti 230 ina omu 529 inapowaka, ila ikipoa ukinzani wake ni sehemu ndogo tu ya hapo. Kwa friji na pampu ya maji, volti mara ampea hutoa namba iliyozidi wati halisi, kwa sababu ya pawa fakta ya mota, yaani sehemu ya volti mara ampea ambayo kweli ni wati. Pampu inayovuta ampea 5 kwa volti 230, pawa fakta ikiwa 0.8, inatumia wati 920, wala si 1,150.