Bawa la ndege halitoki kwenye printa

Dhana inayopotosha kuliko zote ni hii: changanya kaboni na plastiki, washa printa ya 3D, mashine inayojenga kitu tabaka kwa tabaka, na kipande kiko tayari kwa ndege. Plastiki nyingi zinazouzwa kwa jina la kaboni zina nyuzi zilizokatwakatwa, fupi kuliko milimita moja. Zinaongeza ukakamavu na kuzuia kipande kisijikunje kinapopoa. Mzigo wa bawa ni habari nyingine.

Zipo printa zinazolaza uzi mrefu usiokatika, na hapo nguvu hupanda kweli, ila kwa kufuata uelekeo wa uzi tu. Kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi unaovuka. Kinachoshikilia ni plastiki peke yake. Ukikivuta kipande kwa upande huo, matabaka huachana kama kurasa za daftari lililokauka gundi. Na kuna vitundu vya hewa. Kompositi ya ndege, yaani nyuzi zilizoshikwa pamoja na plastiki, kwa kawaida huokwa ndani ya tanuri la shinikizo, zile za epoksi (plastiki inayokauka kama gundi) nyingi kwa sentigredi 180 hivi, ili hewa ibanwe na vitundu visifike hata asilimia 2 ya ujazo. Printa ya kawaida haina msukumo huo.

Wengine hukimbilia upande wa pili: basi printa haina kazi kwenye ndege. Wapi! Airbus A350 ya kwanza kukabidhiwa kwa mteja, Desemba 2014, ilikuwa na vipande zaidi ya 1,000 vilivyochapishwa kwa plastiki isiyoshika moto kirahisi. Lakini kwangu mimi, kazi tamu zaidi haikupaa kabisa. Mwaka 2016 maabara ya Oak Ridge, Marekani, iliichapishia Boeing kifaa cha kushikilia bawa la ndege yake ya 777X wakati wa kulikata na kulitoboa. Urefu wake ulizidi mita 5, uzito kama kilo 750, plastiki ya ABS yenye nyuzi za kaboni, na uchapishaji ulichukua saa 30 hivi. Cha chuma kingechukua miezi mitatu.

Dhana potofu ya mwisho ni kudhani kwamba kujenga kompositi tabaka kwa tabaka kwa mashine ni jambo la kesho. Kiwiliwili cha Boeing 787, ndege ambayo nusu ya uzito wake ni kompositi, hujengwa na roboti zinazolaza tepe za kaboni huku rola ikizikandamiza. Zikimaliza, kipande bado kinaingia tanurini.