Mtoto wa mbwa akitapika, pima maji kwanza

Swali ninaloulizwa kila mara ni dawa ya kukomesha kutapika. Mimi nataka kujua kwanza mbwa ana kilo ngapi na fizi zake zikoje, kwa sababu kinachomuua mbwa mdogo upesi ni maji, chumvi na sukari kumtoka haraka kuliko vinavyoingia.

Mpakate, panda naye kwenye mizani, kisha panda peke yako, utoe. Halafu gusa fizi. Za mbwa mzima wa afya huteleza. Zikinata kidoleni, maji yamepungua. Bonyeza ufizi upauke, achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi zisizoonyesha rangi, kwa hiyo vuta kope la chini utazame utando wa ndani, unatakiwa uwe wa waridi. Ngozi ya mabegani nayo huvutwa kuona inarudi upesi kiasi gani, ila usiitegemee peke yake: ya mbwa aliyekonda hurudi polepole hata kama ana maji ya kutosha, na ya mnene huficha upungufu.

Upungufu ulio chini ya asilimia 5 ya uzito hauonekani kwa macho wala mkono. Fizi zikinata na ngozi ikichelewa kidogo, hesabu asilimia 5 hadi 8. Macho yakizama, miguu ikiwa baridi, mbwa akilegea, ni 10 au zaidi, na huyo hana tena muda wa kunyweshwa nyumbani.

Chukua mtoto wa mbwa wa kilo 4 aliyepungukiwa asilimia 5. Amepoteza mililita 200. Mahitaji yake ya siku, kwa umri huo, ni kama mililita 100 kwa kila kilo, yaani 400. Jumla ni 600 kwa saa 24, sawa na 25 kwa saa: kijiko kimoja cha chai, mililita 5, kila dakika 12. Anachoendelea kutapika au kuhara unakiongeza juu yake.

Tumia ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ya duka la dawa. Pakiti ya lita moja iingie kwenye lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukipunguza maji, chumvi inazidi na kumkausha zaidi. Mara nyingi huuzwa pamoja na vidonge vya zinki kwa ajili ya watoto wa binadamu. Viweke kando, kwani zinki huchokoza tumbo la mbwa. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwage.

Kosa linaloharibu kazi yote ni bakuli. Mbwa mwenye kiu hulimaliza mara moja, tumbo linatanuka, anarudisha yote pamoja na chumvi za mwili. Liondoe, mpumzishe saa moja, ndipo uanze kijiko kwa kijiko, au bomba la sindano lisilo na sindano. Lipitishe pembeni, kati ya shavu na meno, kichwa kikiwa sawa. Ukikiinua juu atapaliwa, maji yaingie mapafuni. Kama anadondosha mate na hawezi kumeza, au taya limeanguka, usimtie mkono mdomoni hata kidogo: kichaa cha mbwa tunacho Uganda. Mfungie, umwite daktari wa mifugo.

Akitapika tena ORS, akitoa damu, au akiwa chini ya miezi 3 na amelegea, acha kunywesha na umpeleke. Anahitaji dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvi za mwili, kwenye mshipa. Inayowekwa chini ya ngozi hainyonywi vizuri mwili ukishapoa. Akitetemeka au kuanguka, sukari imeshuka: mpake asali kwenye fizi mkiwa njiani.

Diklofenaki, ibuprofeni na panado zisiguse mdomo wake. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, pia isitolewe kabla daktari hajapapasa tumbo. Dawa hiyo husukuma utumbo, na gunzi la mahindi au kokwa ya embe ikiwa imeziba, utumbo unaweza kupasuka.

Kuhara damu yenye harufu kali, kati ya wiki 6 na miezi 6, nawaza parvo kwanza, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo. Chanjo moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyopewa na mama huizima. Inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike angalau wiki 16.

Asipotapika kwa saa 6, mpe wali laini na kuku asiye na ngozi wala chumvi, kijiko cha mezani kila saa 3. Maziwa na posho (ugali) yenye mukene (dagaa) visubiri siku tatu. Kwa mbwa mdogo siafiki kufunga siku nzima, maana hana akiba ya sukari.

Kama ilikuwa parvo, osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha Jik (dawa ya klorini), sehemu 1 kwa maji 20, ikae dakika 10. Udongo wa uani hausafishiki hivyo, na virusi huweza kukaa humo hadi mwaka. Mbwa mwingine asiyemaliza chanjo asiletwe hapo.