Mjamzito Akiwa Mahabusu: Ufunguo Usicheleweshe Matibabu

Kila mwanamke anayepokelewa mahabusu aulizwe kama ana mimba, na kipimo kifanyike akiridhia. Wapo wanaoingia bila kujua kuwa ni wajawazito, na wapo wanaojua lakini wanaona haya kulisema mbele ya askari. Kwa hiyo aulizwe faraghani, na mhudumu wa afya.

Huduma ni zilezile anazostahili aliye huru. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio manane ya kliniki, la kwanza ndani ya wiki 12, pamoja na vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku. Anayetumia heroini asikatishwe ghafla. Daktari amwanzishie methadoni au buprenofini, dawa zinazochukua nafasi ya heroini, kwani arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea) humtesa mama na kuihatarisha mimba.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usiku. Aliye nyumbani chupa ya uzazi ikipasuka humwamsha mtu wakaondoka. Aliye selo lazima kwanza aaminiwe na mwenye ufunguo. Ndiyo maana askari wa zamu anatakiwa kuzijua dalili za hatari: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na kuona ukungu, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, mtoto kupunguza kucheza. Kuamua kama mama anasingizia si kazi yake. Afungue mlango, aite msaada. Mengine atayapima mkunga.

Kuhusu pingu, Kanuni za Bangkok, zinazohusu wanawake wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010 ziko wazi: zisitumike kabisa wakati wa uchungu, wakati wa kujifungua, wala mara baada yake. Kanuni za Nelson Mandela za 2015, za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa wote, zikarudia hilohilo. Mwenye uchungu anahitaji kutembea na kugeuka, na ikilazimu upasuaji wa dharura, dakika za kutafuta ufunguo zinaweza kumgharimu mtoto. (Na kwa kweli, nani hutoroka akiwa katikati ya uchungu?) Kanuni za Bangkok pia zinakataza kumtenga peke yake kama adhabu mjamzito au anayenyonyesha.

Akishajifungua, mama aendelee kuangaliwa kutokwa damu, shinikizo la damu na hali yake ya kihisia, maana sonona baada ya uzazi ni rahisi kudhaniwa kiburi. Akitenganishwa na mtoto, apewe nafasi na vyombo safi vya kukamua maziwa. Yakiachwa yajae, titi huvimba na linaweza kufanya jipu.